Kujenga kerneli ya Linux yenye PREEMPT_RT bila kiraka

Zamani, aliyetaka Linux ya wakati halisi (inayojibu ndani ya muda unaotabirika) alitafuta kiraka (patch) kinacholingana na toleo lake la kerneli, yaani kiini cha mfumo, akakibandika, ndipo akajenga. Toleo la 6.12, lililotoka Novemba 2024, lilimaliza usumbufu huo. PREEMPT_RT, kazi ya takriban miaka 20 ya msanidi Thomas Gleixner na wenzake, sasa imo ndani ya kerneli kuu, kwa vichakataji vya x86, ARM64 na RISC-V.

Ila wakati halisi si kasi. Kufuli (locks) nyingi za kerneli zinageuzwa kuwa za kulala, yaani anayesubiri huachia kichakataji, na mikatizo (interrupts) inashughulikiwa na nyuzi (threads) zenye vipaumbele, ili kazi ya haraka isisubiri kupita kiasi. Jumla ya kazi inayofanyika inaweza hata kupungua. Kwa roboti au kurekodi sauti, inafaa sana. Kwa seva ya kawaida, iache.

1. Angalia ulichonacho:

`grep PREEMPT /boot/config-$(uname -r)`

Ukiona `CONFIG_PREEMPT_RT=y`, ruka hadi hatua ya 5.

2. Pakua msimbo wa 6.12 au toleo jipya zaidi kutoka kernel.org, ufungue, uingie ndani ya folda yake, kisha:

`cp /boot/config-$(uname -r) .config`
`make olddefconfig`

3. Endesha `make menuconfig`, ingia General setup. Washa kwanza chaguo la `EXPERT`, linaloonekana kama Configure standard kernel features (expert users). Bila hilo, `PREEMPT_RT` haionekani kabisa, na wengi hudhani toleo lao halina. Kisha chagua Fully Preemptible Kernel (Real-Time), hifadhi, na uhakikishe kwa `grep PREEMPT_RT .config`.

4. Kwenye Debian na Ubuntu, ujenzi hukwama kwa kutafuta vyeti usivyo navyo. Futa njia zake kwanza:

`scripts/config --set-str SYSTEM_TRUSTED_KEYS ""`
`scripts/config --set-str SYSTEM_REVOCATION_KEYS ""`

Halafu:

`make -j$(nproc)`
`sudo make modules_install`
`sudo make install`

Usifute kerneli ya zamani. Kama Secure Boot (ukaguzi wa saini wakati wa kuwaka) imewashwa, kerneli isiyo na saini itakataliwa. Washa mashine upya.

5. `uname -v` ionyeshe PREEMPT_RT. Sasa pima, maana hapa ndipo penye kazi yenyewe. Sakinisha kifurushi cha rt-tests, uendeshe kipimo chake cha ucheleweshaji:

`sudo cyclictest -m -S -p 90 -i 200`

Safu ya kutazama ni Max, yaani ucheleweshaji mkubwa zaidi uliopimwa, kwa mikrosekunde. Wastani mzuri hausaidii kitu iwapo mara moja tu mkono wa roboti umechelewa. Tena usipime mashine ikiwa imetulia: fungua terminali nyingine, uingie folda ya msimbo wa kerneli (kama uliruka hatua ya 2, ifanye kwanza), endesha `make clean`, kisha `make -j$(nproc)` tena, na uiache ipigwe mzigo kwa saa kadhaa.

Max ikiruka ghafla kwenye x86, usikimbilie kubadili mipangilio ya kerneli. Endesha `sudo hwlatdetect --duration=600` kwanza. Ikiripoti ucheleweshaji, chanzo kiko chini ya kerneli, mara nyingi BIOS (programu ya ubao mama) yenyewe. Anza na mipangilio yake ya kuokoa umeme, kisha pima upya.