Kabla hujaenda kusikiliza taarab asilia

Nasemea taarab ya kukaa kitako, ile ya ala za udi, kanuni na fidla, kama ya vikundi vya Culture Musical Club au Ikhwani Safaa, hiki cha pili kiko Unguja tangu 1905. Rusha roho, taarab ya kisasa, ina masharti yake, waulizeni wenyewe.

Kula kabla. Simu izime. Kama ni mahali pa wazi, mfano Ngome Kongwe, na masika yanabisha hodi, chukua cha kujifunika. Usafiri wa kurudi upange mapema, daladala haikungoji.

Wahi. Usiku hufunguliwa na basheraf, ala tupu bila mwimbaji, na wengi hufanya ndiyo saa ya kuulizana habari za mji. Nyamazeni. Hapo ndipo utasikia fidla zote zinakwenda kwa pamoja na besi inatembea chini yake; mwimbaji akishapanda, masikio yote yanahamia kwenye maneno. Na mpiga kanuni akiinama kukaza nyuzi, mwache. Zinapita 70, na unyevu wa pwani hauzihurumii.

Kanga, isome jina kabla ya kujifunga.

Sasa kutunza, yaani kumpelekea mwimbaji pesa akiwa anaimba. Beba noti ndogo ndogo, hilo kila mtu atakwambia. Wasilokwambia ni kuwa usiinuke kabla hujajua shairi linamsema nani. Mimi nilikuwa safu ya tatu. Fidla ilipopokea baada ya ubeti wa pili, mwili ukanisisimka, nikainuka na elfu tano yangu juu, madaha mpaka kwa mwimbaji. Njiani nikampita wifi yangu, nikamchekea. Kumbe wimbo unamsema mtu aliyeazima kitu akakifanya chake, na wifi alikuwa na cherehani yangu tangu Ramadhani iliyopita. Wallahi cherehani yenyewe nilishaisahau! Alinitazama mpaka nikafika kitini. Wimbo uliofuata ulikuwa wa mwenye choyo. Aliinuka ubeti wa kwanza tu, akapita mbele yangu polepole, noti kaibana kwa vidole viwili, akageuka mara mbili. Safu nzima ikaguna. Asubuhi cherehani ikaletwa na kijana wa mkokoteni, bila hata salamu, na tukakaa miezi saba hatuingiliani.

Kwa hiyo sikiliza ubeti wa kwanza na kiitikio, kisha angalia nani amekaa kwenye njia yako. Ukiwa na shaka, zunguka pembeni, au mpe mtoto akupelekee. Na usimcheke mtu njiani, hata kwa wema.

Ukialikwa, uliza nani mwingine kaalikwa. Viatu virefu na ngazi za mawe havipatani. Maji beba. Asumini usizidishe kama jirani yako ana mafua. Na ufunguo wa nyumba usimwachie mtu mwenye usingizi mzito.