Viti vya mbao vya nje: toa vanishi yote kwanza

Jirani yangu hapa Kigamboni aliponiita nimsaidie seti yake ya bustani, alikuwa ameshanunua kopo la vanishi. Meza, benchi na viti vya mtiki, vyote vimenyeshewa masika nzima. Vanishi ya zamani ilikuwa inabanduka kwa mapande na chini yake mbao imeingia weusi. Alitaka tupitishe msasa kidogo, tupake mpya juu, tumalize kabla ya wageni wa Jumapili. Nikamwambia alirudishe kopo dukani.

Tulichofanya ndicho ninachofanya kwa mbao yoyote ngumu inayolala nje, iwe mtiki, mvule au mninga. Kwa sisi wa pwani, kazi hii ni ya kuanzia Juni hadi Septemba. Mvua zimepungua, upepo wa kusi unakausha. Ukiianza Aprili utashinda unaingiza na kutoa viti.

Hatua ya 1: Osha

Maji, sabuni ya maji, brashi ya plastiki ya kufulia. Sugua kufuata nyuzi za mbao, suuza, weka kivulini penye upepo siku mbili tatu.

Usitumie mashine ya presha ya kuoshea magari. Inachimba sehemu laini za mbao na kuacha matuta. Stilwaya nayo ibaki jikoni kwenye masufuria: vipande vyake vinanasa kwenye mbao, vinashika kutu, na kila kipande kinaacha doa jeusi. Jiki inaua ukungu kweli, lakini inakula na mbao yenyewe.

Madoa meusi kuzunguka misumari ni chuma kilichokutana na dawa ya asili iliyomo ndani ya mbao. Paka maji ya ndimu, subiri kidogo, sugua, suuza sana. Yatapungua. Ila msumari wa chuma ukibaki, doa litarudi, kwa hiyo ung'oe uweke skrubu ya shaba au ya chuma kisichoshika kutu.

Hatua ya 2: Toa vanishi

Hapa ndipo siku inapoishia. Pia ndipo watu wanapodanganya.

Vanishi inapendeza kwenye kabati la sebuleni. Nje, mbao inavimba ikipata unyevu na kunywea ikipigwa jua, na lile tabaka gumu la juu haliwezi kuifuata, linapasuka. Maji yanaingia kwenye ufa, kisha tabaka lilelile linayazuia yasitoke. Mbao inaoza huku juu bado inang'aa. Ukipaka vanishi mpya juu ya ya zamani, mpya itabanduka pamoja na ile iliyoishikilia.

Kwanza jua unachotoa. Lowesha kitambaa kwa thina, kilaze chini ya kiti pasipoonekana, subiri dakika kadhaa. Pakinata na kulainika, hiyo ni laka; itatoka kwa thina na kitambaa, ukibadilisha kitambaa mara kwa mara, la sivyo unaihamisha tu kutoka pale kwenda pale. Pasipobadilika, ni vanishi ngumu, itabidi ukwangue. Kazi ya thina ifanyike mahali pa wazi, mbali na jiko la mkaa na mwenye sigara.

Kwa kukwangua, naamini kipande cha kioo kuliko mashine. Kioo cha dirisha kilichovunjika, ukingo ulionyooka, glavu nene mkononi. Kiinamishe kidogo kuelekea kwako, vuta kufuata nyuzi. Kikikata vizuri utaona vinyweleo vyembamba vinajikunja. Ukiona vumbi tu, ukingo umekufa, chukua kingine. Mashine ya msasa inaipasha vanishi moto, inalainika, inaziba msasa, na unamaliza karatasi bila kumaliza mguu mmoja. Jua la mchana linafanya vilevile, kwa hiyo kwangua asubuhi au kivulini.

Usikwangue kukata nyuzi, hata kwenye pembe. Mikwaruzo hiyo haionekani mbao ikiwa kavu, inajitokeza yote ukishapaka mafuta. Kwenye maunganio tumia ncha ya patasi, polepole. Vaa barakoa: vumbi la mtiki linawasha pua na ngozi. Na kama kuna rangi ya zamani sana usiyoijua, usiisage kuwa vumbi kabisa, huenda ina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Tumia dawa ya kubandulia rangi.

Umemaliza? Dondoshea maji sehemu mbalimbali. Tone likitandaa na mbao ikawa nyeusi, pako tayari. Likikaa juu kama shanga, bado kuna vanishi. Mtiki mpya una mafuta yake ya asili, unaweza kukudanganya kwenye jaribio hili, basi angalia na macho: penye vanishi panang'aa ukiangalia kwa ubavu.

Hatua ya 3: Msasa

Namba 80, kisha 120. Ishia 180. Ukiendelea hadi 320 mbao inakuwa nyororo kupita kiasi na mafuta hayazami vizuri.

Hatua ya 4: Mafuta, au uache

Mtiki usiopakwa kitu unageuka kijivu. Hiyo ni rangi ya jua, si kuoza, na mimi viti vyangu nimeviacha hivyo. Ukitaka wekundu wa mninga ubaki kidogo, paka mafuta ya mbao za nje yenye dawa ya ukungu. Linsidi mbichi, yaani mafuta ya mbegu za kitani, siipendi pwani: inachelewa kukauka na ukungu unaifurahia. Paka kwa kitambaa, tabaka jembamba, subiri kama robo saa, kisha futa yote yaliyobaki juu. Yasipofutwa yananata na kushika vumbi hadi mvua zijazo.

Vile vitambaa usivirundike. Mafuta ya jamii ya linsidi yakikauka yanatoa joto, na rundo linaweza kuwaka lenyewe bila kiberiti. Vianike kimoja kimoja kwenye kamba nje, au vizamishe kwenye ndoo ya maji.

Hatua ya 5: Miguu

Kitako cha mguu kinafyonza maji kuliko sehemu nyingine yoyote. Simamisha kila mguu kwenye kifuniko cha kopo chenye mafuta usiku kucha. Kisha kiti kikae juu ya kigae au zege, si kwenye majani. Udongo unaleta mchwa.

Kama seti yako ina fremu ya chuma, toa kutu kwa brashi ya waya na upake rangi ya kuzuia kutu siku hiyohiyo, kabla umande wa usiku haujaigusa. Mito ilale ndani. Na ukifunika kwa turubai, liinue juu ya meza upepo upite chini yake. Nailoni iliyofungwa hadi chini inafuga jasho, na ukungu utaukuta pale pale.