Mtaji wa poka: 60,000 inakukalisha meza gani?

Kabla ya kitu kingine, toa pesa ya poka kwa ile M-Pesa unalipia renti na tokeni za stima. Weka kwa laini ingine, akaunti ingine, popote, bora zisichanganyike. Na Fuliza isikaribie hapo, ukikopa ndio ucheze huna mtaji, uko na deni.

Sasa tuseme uko na 60,000. Meza ya keshi, ile unacheza na pesa yenyewe na unatoka ukitaka, kiingilio cha kawaida (pesa unakaa nayo mezani) ni blaindi kubwa 100. Blaindi ni dau la lazima kabla ya karata, kuna ndogo na kubwa. Na wewe unataka uwe na viingilio kama 30. Gawanya, unapata 2,000, yaani meza ya 10/20, blaindi ndogo 10, kubwa 20. Ukienda kasino upate meza ndogo kabisa ni 50/100, kiingilio ni 10,000, so hiyo mtaji yako yote ni viingilio sita, na sita zinaisha wikendi moja hata kama umewazidi wote hapo mezani, karata hazijui wewe ni mjanja. Kunywa soda uende nyumbani, ama tafuta meza ndogo na mabeshte.

Turnamenti, ile unalipa kiingilio na kucheza hadi utolewe, ndio ngumu zaidi. Kwa kawaida wanaolipwa ni kama watu 10 hadi 15 kwa kila 100, na donge lenyewe liko kwa wachache wa juu, kwa hivyo mchezaji mzuri kabisa anaweza toka mikono mitupu mara 30 mfululizo na hakuna kosa amefanya. Hapo weka viingilio 100 au zaidi. 60,000 yako sasa ni turnamenti za 600. Na ukitolewa ukanunua tena, hiyo ni kiingilio cha pili, usijidanganye ati ni ileile.

Turudi kwa keshi: mtaji ukishuka ufike 40,000, rudi 5/10. Watu wengi wanajua hii sheria na hawaifuati juu ya aibu tu, wanataka kurudisha pesa palepale ilipopotelea. Kupanda nayo, ngoja ufike kama 100,000, jaribu 25/50 na viingilio viwili pekee, vikienda unarudi chini siku hiyohiyo.

Andika kila kitu: saa ulizocheza, ulichoingia nacho, ulichotoka nacho, keshi na turnamenti kando. Baada ya masaa mia kadhaa kama daftari bado inaonyesha hasara, shida si ukubwa wa mtaji, nyumba inakata reki, yaani kamisheni yake, kwa kila poti (dau zote zilizowekwa) na wenzako wanakuzidi, hapo hata viingilio 200 vitaisha, vitachelewa tu.

Unaishi na poka? Renti na karo ya miezi sita iwe kando kwanza, hiyo usiihesabu kabisa.