Seva ya nyumbani Lamu: ikinge na chumvi kwanza

Waandika programu wenzangu wa Lamu na Malindi, ukitaka kuendesha seva yako nyumbani, fikiria chumvi kabla ya kasi. Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya bodi moja, yatosha kabisa kwa Gitea ya kuhifadhi msimbo na Syncthing ya kulinganisha mafaili. Ila usiiweke dirishani penye upepo wa bahari, na usiipe feni. Feni huvuta hewa ya chumvi na unyevu hadi kwenye saketi, pini zikaliwa na kutu. Chukua kasha la alumini linalotoa joto lenyewe. Wenye nyumba za mawe mna bahati: zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, za chumba cha ndani ni mahali pazuri mno, mbali na upepo. Lakini kuta za matumbawe ni nene na hudhoofisha sana Wi-Fi, basi vuta kebo mpaka kwenye ruta.

Usitegemee kadi ya memori. Huchakaa kwa kuandikwa mara kwa mara, na umeme ukikatika katikati ya kuandika, mafaili huweza kuharibika. Iwashe Pi kutoka SSD, diski isiyo na sehemu zinazozunguka, iliyochomekwa kwenye tundu la buluu la USB 3. Pi hiyo hutaka volti 5 na ampea 3, kwa hiyo nunua UPS ndogo, betri ya kushika umeme ukikatika, inayofikia hapo. Pawabenki nyingi huacha kutoa umeme kwa muda mfupi pale umeme wa ukutani unapopotea, na seva hujizima.

Nakala rudufu ifungwe kwa restic, programu ya kuhifadhi nakala kwa usimbaji, ikae kwa ndugu Mombasa. Jaribu kuirejesha leo, kabla hujaihitaji.