Kufufua mtaa wa zamani uliochakaa: rangi iwe ya mwisho
Wengi wakitaka kufufua mtaa wa zamani wanakimbilia rangi, hapana jamani, anza na paa na mifereji ya mvua, maana maji ndo yanaua majengo haya kuliko kitu chochote. Kabla hujagusa kitu piga picha kila jengo, milango, nakshi, hata maandishi ya duka yaliyofifia ukutani, hayo usiyafute kabisa.

Halafu kuta, na hapa ndo watu wanaharibu. Saruji ya Portland, yaani hii saruji ya kawaida ya mifuko, ilisajiliwa Uingereza mwaka 1824 tu, kwa hiyo kuta nyingi za kabla ya hapo, na hata za baadaye, zimejengwa kwa chokaa, na chokaa inapumua, unyevu unaingia na kutoka, sasa ukipiga plasta ya saruji juu yake unyevu unanasa ndani, tofali zinaanza kumomonyoka. Tafuta fundi anayeijua chokaa, nyufa azizibe kwa chokaa na mchanga, rangi nayo iwe ya chokaa.

Madirisha ya mbao usiyang'oe, kata palipooza tu uunge kipande kipya.

Na ongea na wapangaji mapema, mfanye jengo moja moja ili maduka yasifungwe yote kwa mpigo.