Kabla hujamtibu samaki aliyechanwa mapezi na wenzake

Ukiamka ukakuta mkia wa samaki wako umebaki vipande, mkono hukimbilia dawa. Uzuie kwanza, umtazame. Pezi lililong'atwa lina pengo la ghafla, kama karatasi iliyochanwa kwa mkono, na sehemu iliyobaki ina rangi yake ile ile. Pezi linalooza huliwa taratibu kutoka ncha kuelekea mwilini, na ukingo wake hugeuka mweupe, mweusi au mwekundu. Ukiona kitu kama pamba, hiyo aghalabu ni kuvu. Jeraha safi halitaki dawa ya bakteria. Linataka maji safi na kutosumbuliwa.

Halafu mtafute mkorofi. Kaa mbele ya kioo robo saa bila kujitikisa, maana samaki wakikuona unasogea wanadhani umeleta chakula na wanasahau ugomvi. Usimshuku mkubwa kwa sababu tu ni mkubwa. Barbi wa milia ni wadogo, lakini wakiwa wawili watatu hawawezi kuliona pezi refu la beta au gapi wakaliacha. Wakiwa sita au zaidi, aghalabu hufukuzana wao kwa wao.

Nani ahamishwe? Wengi humtoa majeruhi. Mimi, mkorofi akiwa mmoja na nimemjua, namtoa yeye. Majeruhi haongezewi msukosuko wa kukimbizwa na wavu, na mkorofi akirudi baada ya wiki kadhaa anajikuta mgeni pale alipokuwa bwana. Ila kama kundi zima linamwonea, au jeraha limeanza kuoza, majeruhi ndiye ahame.

Ndiyo maana tangi la akiba liwe tayari kabla ya ugomvi wowote. Kwa samaki mdogo lita 20 zinatosha, hata ndoo ya plastiki ambayo haijawahi kuguswa na sabuni. Weka hita, kipimajoto, kifuniko na kitu cha kujifichia. Changarawe usiweke, ili makombo na kinyesi vionekane. Kazi kubwa iko kwenye chujio. Sponji mpya haina wale bakteria wanaoigeuza amonia, sumu itokanayo na taka za samaki, na hapo ndipo nilipoponzwa: maji yalionekana safi kabisa, siku ya tatu samaki akawa anahemea juujuu. Tangu hapo sponji ya akiba hukaa muda wote ndani ya tangi kubwa. Kama huna, jiandae kubadilisha sehemu ya maji kila siku.

Uwe pia na kifaa cha kupimia maji. Amonia na naitraiti (sumu nyingine inayotokana na amonia) zisome 0, kwa sababu maji machafu ndiyo yanayoligeuza jeraha dogo kuwa uozo. Maji ya kuongezea yaondolewe klorini, na joto lake lilingane na la tangini. Kwa samaki wengi wa maji ya joto, nyuzi 24 hadi 26.

Chumvi husaidia kiasi, gramu 1 kwa lita, iyeyushwe pembeni kwanza. Kumbuka haipotei maji yanapokauka, kwa hiyo ongeza ile tu iliyotoka na maji uliyomwaga. Tangi kubwa lenye mimea au koridora (kambare wadogo wa chini ya tangi) usilitie. Na ukilazimika kutumia dawa, toa mkaa kwenye chujio, la sivyo mkaa huo utaifyonza yote.

Mpige picha siku ya kwanza. Baada ya wiki moja au mbili utaona ukingo mwembamba unaopenyeza mwanga, na wengi hudhani ni ugonjwa. Hilo ni pezi jipya, rangi itafuata. Urefu kamili unaweza kuchukua miezi, na kama meno yalifika kwenye shina la pezi, huenda lisiote tena. Siku ya kuwakutanisha, hamisha mawe na mimea ili kila mmoja aanze kutafuta makao upya, kisha mwachie aliyehamishwa taa zikiwa zimezimwa.