Somo: Kuwapeleka watoto Kisumu kutoka Nakuru, siku mbili, bila kurudi na deni

Kila shule zikikaribia kufungwa swali la wanachama wa kikundi chetu ni lile lile: watoto wanataka kuona ziwa, tuanzie wapi, na itatugharimu pesa ngapi? Nakuru tuna ziwa letu, lakini liko ndani ya mbuga na mara nyingi unaliangalia ukiwa kwenye gari. Kisumu unakaa ukingoni, unapanda mashua, unakula samaki aliyevuliwa usiku wa kuamkia leo. Ni takriban kilomita 180 tu. Hesabu zangu ni za wazazi wawili na watoto watatu, usiku mmoja. Zipanue au zibane kulingana na nyumba yako.

Msimamo wangu niuseme mapema. Nauli na chumba haviharibu safari, kwa sababu kila mtu huvipangia. Kinachoharibu ni soda ya njiani, chipsi za saa tano, boda ya mara ya tatu, na kofia inayonunuliwa kwa kuwa ile ya kwanza imebaki mezani nyumbani. Hatua nyingi hapa chini zinapigana na hivyo vitu vidogo.

Hatua ya 1: Chagua Agosti

Desemba usijaribu. Nusu ya Nairobi na Nakuru inakwenda magharibi kuona wazee, na nauli inapanda siku hiyo hiyo unapofika steji. Aprili ni mvua ya masika, na Mto Nyando ukifurika, tambarare za Ahero ndizo za kwanza kuumia. Agosti mvua imepungua na watoto wako nyumbani. Nenda katikati ya wiki: Jumanne kwenda, Jumatano kurudi.

Hatua ya 2: Weka pesa, kisha zigawe kabla ya kuondoka

Shilingi 100 kwa siku, kuanzia mwanzo wa Februari hadi mwisho wa Julai, ni kama 18,000. Mwenye duka au kibanda anaweza kuitoa jioni anapofunga hesabu. Mwenye mshahara aitoe mara moja kwa mwezi, 3,000, siku ile ile mshahara unapoingia. Kama uko kwenye chama cha mzunguko, zungumza na wenzako mapema zamu yako iangukie Julai.

Mgawo wangu wa mfano ni huu: nauli ya kwenda na kurudi 7,000, chumba 3,500, chakula 4,000, matembezi 2,000, dharura 1,500. Jumla 18,000. Bei zinabadilika, kwa hiyo piga simu uulize nauli na chumba wiki moja kabla, urekebishe. Usiguse fungu la dharura kwa sababu eti fungu la chakula limeisha.

Sasa ujanja wenyewe. Toa shilingi 600 kwenye fungu la chakula, umpe kila mtoto 200 zake mkononi asubuhi ya safari. Soda, peremende, aiskrimu, bangili, yote yatoke humo. Zikiisha zimeisha. Mtoto anayemwomba mama soda kila kituo hugeuka mchumi mkubwa akigundua kwamba soda ni pesa yake.

Hatua ya 3: Mizigo

Begi moja kwa kila watu wawili. Masweta yakae juu, kandambili, kofia, leso mbili (moja ya kujifunika kwenye gari, moja ya kutandika), na dawa ya kujipaka dhidi ya mbu. Mayai ya kuchemsha, chapati na chai kwenye themosi ndicho kiamsha kinywa cha njiani. Maji yabebeni kwenye chupa za kudumu, si za plastiki za kutupa: tangu Juni 2020 plastiki ya kutumia mara moja imepigwa marufuku kwenye mbuga na hifadhi za Kenya, na Impala Sanctuary, hifadhi ndogo ya wanyama mtakayoitembelea Kisumu, ni mojawapo. Na kwa sababu mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 2017, mtoto anayetapika garini mbebee kopo lenye kifuniko.

Hatua ya 4: Barabara

Muwe steji saa kumi na mbili asubuhi. Mwombe kondakta kiti cha karibu na mbele kwa yule mwenye tumbo jepesi, maana kona za kuelekea Kericho hazina huruma. Njia ni Salgaa, Mau Summit, kisha mnaacha barabara ya Eldoret na kushika kushoto kwenda Londiani na Kericho. Mau Summit ni baridi kabisa na mara nyingi kuna ukungu. Waamsheni watoto mkikaribia Kericho, waone majani chai yalivyokatwa sawasawa hadi kwenye upeo wa macho. Baada ya hapo barabara inashuka, na mkifika Awasi masweta yanavuliwa yenyewe. Ahero waonyesheni mashamba ya mpunga. Watoto wengi wa mjini hudhani mchele unatoka supamaketi.

Hatua ya 5: Siku ya kwanza

Shukeni, mweke mizigo chumbani, halafu jumba la makumbusho la Kisumu kabla ya kitu kingine. Lilifunguliwa 1980, liko kwenye barabara ile ile mliyoingilia mjini. Kuna nyoka, kuna samaki wa ziwani kwenye matangi, na kuna boma la Kiluo lililojengwa kama linavyotakiwa: nyumba ya mke wa kwanza inatazama lango, na wake wengine wanafuata kwa zamu zao pembeni. Muulize mwenyeji awaeleze, watoto wanapenda mno kujua nani alilala wapi.

Mchana pumzikeni. Kisumu iko mita 1,131 hivi juu ya usawa wa bahari, Nakuru karibu 1,850. Hilo joto mtalisikia. Saa tisa twaeni tuktuk hadi Impala Sanctuary. Ni ndogo, mnatembea kwa miguu, na malipo ni kwa eCitizen (mtandao wa huduma za serikali), hawapokei pesa taslimu langoni, kwa hiyo fungua akaunti ukiwa nyumbani. Msile wazi wazi, tumbili wa pale wana mikono myepesi. Kutoka hapo Hippo Point si mbali, na jua likizama ziwani hakuna anayelipishwa kulitazama.

Hatua ya 6: Asubuhi ya Dunga, na samaki

Hii ndiyo sehemu ambayo singeikimbiza. Fikeni ufuo wa Dunga saa moja na nusu asubuhi. Ziwa huwa tulivu saa hizo. Mchana upepo unaanza kuvuma kutoka majini na mashua ndogo zinarukaruka. Elewaneni bei ya mashua nzima na muda wake kabla hamjakanyaga ndani. Mkague majaketi ya kujiokoa, ya watoto yawe saizi ya watoto. Hakuna jaketi, hakuna safari, hata kama nahodha anacheka. Mwambie awapitishe karibu na mafunjo muone ndege, na viboko wakionekana wabaki mbali. Siku nyingine gugu maji hufunga njia, basi ulizeni jana yake.

Lakini kabla ya kupanda, agizeni samaki. Samaki mzima kukaangwa na kutiwa mchuzi si kazi ya dakika tano, na mkiagiza mkishashuka watoto watakula pesa zao zote za soda wakingoja. Chagueni wenyewe. Jicho liwe angavu na limetuna, si jeupe lililozama. Inua shavu la samaki utazame ndani: nyekundu ni mbichi, kahawia mwache. Bonyeza mgongo kwa kidole, nyama irudi. Bei hupangwa kwa ukubwa, kwa hiyo itajwe kwa kila samaki unayemnyooshea kidole, pamoja na kupikiwa, ugali na mboga. Ngege (tilapia) wawili wakubwa hutosha watano kuliko ngege watano wadogo, na ni rahisi kidogo.

Mpishi atampara magamba, atamchanja mara tatu kila ubavu, atamzamisha kwenye mafuta yanayochemka mpaka ngozi ikauke na kulia ukiigonga. Ndipo nyanya, kitunguu na dania zinapoingia, anarudishwa humo achemke kidogo anywe mchuzi. Wengine wanapenda mkavu. Mimi nasema umbali wote huu usije kula mkavu. Mboga ombeni osuga (mnavu) badala ya sukuma wiki ya kila siku.

Mtoto mlishe nyama ya mgongoni, juu ya uti. Ya tumboni ina miiba ya mbavu, hiyo ni ya wakubwa. Mwenye chini ya miaka mitano mwagizie vipande vya mbuta (sangara) visivyo na mfupa.

Maji ya ziwa msiyaingie, hata kwa miguu tu. Kichocho kipo.

Hatua ya 7: Kurudi

Saa saba muwe kwenye gari. Jioni mko nyumbani kabla ya giza, na fungu la dharura, likibaki, linarudi kwenye akaunti likawe mbegu ya mwaka ujao.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Njoro: Mimi nina mtoto wa miezi minane. Naogopa malaria.*

Dada, hofu yako ina msingi, eneo la ziwa lina malaria mwaka mzima kuliko huku kwetu. Uliza chumba chenye neti na uikague matundu kabla ya kulipa. Jioni mvalishe mikono mirefu na soksi. Dawa za kujipaka mtoto huyo muulize muuguzi wa kliniki yako kwanza, pamoja na kama anahitaji kinga nyingine. Mkirudi na mtu yeyote akashikwa na homa, hata wiki mbili baadaye, nenda kupimwa na umwambie daktari mlikuwa Kisumu. Usiposema, huenda akaitafuta homa kwingine.

*Kutoka Bahati: Mzee anasema gari letu ni nafuu kuliko matatu. Ni kweli?*

Piga hesabu. Kwenda na kurudi ni kilomita 360. Gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita litakunywa lita 30, bila mizunguko ya mjini. Zidisha kwa bei ya kituo chenu cha mafuta, ulinganishe na 7,000. Mara nyingi mzee atashinda, hasa mkijaa. Sharti langu ni moja: Salgaa na Mau Summit zipiteni mchana. Malori, miteremko na ukungu wa usiku havitaki dereva aliyechoka.

*Kutoka Molo: Pesa ikikaa kwa simu mimi mwenyewe naikopa. Nifanyeje?*

Uko na wengi, mama. Akaunti ya kufunga ya M-Shwari, ile akiba ya benki kwenye M-Pesa, inakusaidia: unachagua miezi, na ukitaka kutoa kabla ya muda hazitoki papo hapo, hamu inakuwa imepita. Usipoiamini hiyo, mpe dada yako mgumu, yule ambaye hata wewe unaogopa kumwomba.

*Kutoka Kakamega: Na sisi tukija Nakuru?*

Karibuni. Menengai kwanza, shimo lake ni la kilomita 12 kwa 8 na kutoka juu unaliona lote kukiwa hakuna mawingu. Hyrax Hill, kilima chenye mabaki ya kale na makumbusho, ni ya watoto wanaopenda historia. Mbuga ya Ziwa Nakuru inataka gari, na hapo bajeti yenu inabadilika kabisa. Tafuteni familia nyingine mgawane. Njooni kwa ajili ya vifaru na twiga. Mkija kwa ajili ya heroe pekee mnaweza kuvunjika moyo, maana tangu maji yalipopanda wengi huonekana zaidi Bogoria.

*Kutoka Nakuru mjini: Tuna harusi ya binamu Bondo Jumamosi. Tunaweza kuunganisha?*

Unganisheni, njia ya Bondo inapita Kisumu. Ila mchango wa harusi na sare ya kitenge visitoke kwenye fungu la safari. Jumapili mkirudi simameni Kit Mikayi, iko barabara hiyo hiyo ya Bondo, kama kilomita 29 kabla ya kufika Kisumu. Ni majabali yaliyopandana juu kama nyumba ya ghorofa kumi. Wenyeji husimulia juu ya mzee Ngeso aliyelipenda jiwe hilo akawa anashinda pale kutwa, mkewe akimpelekea chakula. Watu huenda kusali pale pia, kwa hiyo sauti chini. Viatu vya harusi vibaki garini, jiwe linateleza.

*Kutoka Subukia: Msichana wangu nimsuke nini kwa safari?*

Matuta ya kawaida ya kurudi nyuma, siku mbili kabla ili kichwa kipoe. Shanga acha. Atalala ameegemea dirisha kutoka Londiani hadi Kericho, na shanga zitamchoma.